Uzi wa Katani

Wamenipa kazi ya kuandika habari zako, Mzee Erasto,
zisomwe kanisani kesho kabla ya jeneza kutoka:
kuzaliwa, kubatizwa Magila, ndoa, watoto sita,
wajukuu tumeshindwa kukubaliana idadi.
Nimeandika. Kasisi atasoma kwa dakika tatu.
Usiku huu naandika yaliyobaki.

Duka lako lilikuwa na mlango mmoja na nusu.
Ile nusu ilivimba kwa mvua, ikagoma kufunguka,
tukawa tunaingia kwa ubavu
kama watu wanaopita kati ya wagomvi.
Juu, kwa rangi ya buluu, SINGANO,
herufi moja ya N ikitazama nyuma.
Kwa Kibondei ni sindano, ulituambia,
nasi tukacheka, kwa vile ulivyokuwa mnene.

Kulia pipa la mafuta ya taa, kushoto gunia la sukari,
na sukari ya mtaa wetu, Muheza, ilinukia taa kidogo.
Hata leo, chai isiyo na harufu hiyo
naiona ina upungufu.

Uliuza vitu kwa udogo wake:
kidonge kimoja cha kichwa, sigara nusu,
njiti kumi za kiberiti na kipande cha ganda la kuwashia,
chumvi ya kufungwa kwenye pindo la kanga.
Mwenye senti kumi dukani kwako hakuwa maskini.
Alikuwa mteja,
na mteja huulizwa kwanza habari za nyumbani.

Sabuni ya mche uliikata kwa uzi wa katani:
ncha moja menoni, nyingine kidoleni,
mvuto mmoja, kimya,
kipande kikalala ubavu.
Nilidhani kila kitu duniani hugawanywa hivyo.

Kisha ukaja mwaka wa foleni.
Mama alifua kwa majani ya mpapai,
shati langu la shule likawa na rangi ya maji ya mtoni.
Mgambo walikuja watatu, mmoja ana kalamu.
Wewe ulikuwa uani. Wakaniuliza mimi,
miaka minane, nimekalia gunia lako la maharage:
Babu anaweka wapi sabuni?

Nilijua.
Nilijivunia kujua.
Nikanyosha kidole: kule, nyuma ya makasha ya machungwa.

Maboksi mawili. Wakayapasua palepale barazani,
na kila mche ulikuwa na karatasi iliyofungwa kwa uzi:
Mama Mbelwa, mzazi.
Yule kipofu wa stesheni.
Mwalimu Kaniki, ana wagonjwa.
Na jina la mama yangu, limekosewa herufi moja.
Nilikuwa nimeshajua kusoma.

Ulirudi baada ya miezi saba.
Umekonda, sasa jina linakutosha.
Hakuna aliyecheka.

Siku niliyotumwa sabuni nilisimama nyuma ya watu
mpaka watu wakaisha.
Ukaniuliza habari za nyumbani.
Nikasema nzuri.
Ukapima mche kwa kucha, ukauma uzi,
kisha ukausogeza, upana wa kidole kimoja,
upande wangu.

Ikawa vile kila nilipotumwa,
hata nilipoota ndevu, hata nilipokuja na gari langu
kununua kitu nisichokihitaji.
Kidole kimoja, upande wangu.
Sikuuliza. Nawe hukusema.
Mpaka leo sijui kama ulikuwa umenisamehe,
au ulikuwa unanikumbusha,
au ni macho tu, yalikwishaanza kuchoka.

Sasa hivi binti yako Perusi ameingia na kandili,
amesoma karatasi ya kanisani, amefuta machozi.
Anataka niongeze mstari mmoja:
Katika vipimo vyake hakuwahi kupunja wala kuzidisha.

Nimeandika, hakuwahi kupunja.
Anasubiri.
Kalamu imesimama hapo.